Kariokor Si Jina la Mtu

Eastlands imejaa majina ya wafu. Ofafa Jericho na Ofafa Maringo zinabeba jina la Ambrose Ofafa, diwani wa jiji aliyeuawa 1953. Mbotela inabeba jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa KAU aliyeuawa mwishoni mwa 1952. Makanga wa Jogoo Road akiita steji hizo, anaita watu wawili ambao tunajua walikuwa nani, walifanya nini na walikufa mwaka gani. Halafu kuna Burma, pale tunaponunua nyama, ambayo inabeba jina la nchi ya mbali ambako vijana wa huku walipelekwa kupigana na Wajapani. Na kuna Kariokor, ukielekea Ziwani, kwa viondo, akala na nyama choma.

Kariokor ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Vita Vikuu vya Kwanza, jinsi ulimi wetu ulivyolimeza jina hilo. Kambi yao ilikuwa pale pale. Dar es Salaam kuna Kariakoo, jina lile lile kwa sababu ile ile. Sasa angalia tofauti: diwani mmoja alipata mtaa kwa jina lake. Watu wengi kiasi cha kujaza kaunti walipata mtaa mmoja, na jina walilopewa ni la kazi waliyofanyishwa.

Ninaanza na majina kwa sababu nataka kuzungumzia riwaya zinazotafuta ndugu waliopotea, na mtu anayetafuta ndugu huanza na jina. Ukiishi Makongeni, Kaloleni, Bahati au Shauri Moyo, hii stori unaijua hata kama haijawahi kusimuliwa kwa mpango. Kuna babu wa babu aliyeenda na Wazungu. Kuna guka aliyechukuliwa na lori. Kuna mjomba aliyepanda treni. Ukimuuliza shosho, atakuambia "alienda," na hapo sentensi itakatika. Alienda wapi? "Alienda tu."

Waandishi wa Afrika Mashariki wameichukua hiyo sentensi iliyokatika na kujaribu kuimalizia. Nitasoma watatu: Abdulrazak Gurnah katika Afterlives (2020), Yvonne Adhiambo Owuor katika Dust (2013), na kwa ufupi Marjorie Oludhe Macgoye katika Coming to Birth (1986). Swali langu ni moja. Hawa waliopotea wanapatikana kwa njia gani, na ni nani anayestahili kupatikana? Nitataja miisho ya riwaya, kwa hivyo kama hujasoma na unachukia kuharibiwa stori, simamia hapa, usome, kisha urudi.

Deni ndilo lililoandika

Kwanza tuwaelewe wapagazi, kwa sababu bila wao hatuwezi kujua riwaya hizi zinajibu nini.

Vita vilipoanza 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi isiyo na barabara na yenye mbung'o. Ng'ombe na punda walikufa. Mizigo ikabebwa na watu. Mwanzoni wengine walijiandikisha kwa mshahara, lakini kufikia 1917 serikali ilikuwa inakusanya wanaume wilaya baada ya wilaya, kwa nguvu, machifu wakitakiwa kujaza idadi. Waliokufa walihesabika kwa makumi ya elfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga ambao haukuiva vizuri porini.

Baada ya vita kulibaki pesa. Mpagazi alikuwa na mshahara, na aliyekufa alikuwa na mshahara ambao haujalipwa. Serikali ilitakiwa kutafuta warithi. Maelfu ya mishahara hayakupata mwenyewe, kwa sababu jina liliandikwa vibaya, au kijiji hakikuandikwa, au karani aliandika jina la chifu na kuacha la baba. Mabishano kuhusu hizo pesa yaliendelea kwa miaka mingi, na hazikuwafikia watu wa marehemu. Yaani kuna wakati ambapo dola yenyewe ndiyo iliyokuwa inatafuta ndugu wa waliopotea, ikashindwa, na kushindwa huko kukawa faida kwa hazina yake.

Hii ndiyo hoja ninayotaka kuishika katika makala yote. Ndugu hutafutwa na upendo, lakini karatasi huandikwa na deni. Karani haandiki jina lako kwa sababu mama yako anakulilia. Anaandika kwa sababu unadai au unadaiwa: mshahara, kodi, kifungo, medali. Kipande, kile cheti ambacho wanaume walianza kuning'inizwa shingoni baada ya vita hivyo, hakikuwekwa ili mtu asipotee. Kiliwekwa ili asitoroke mwajiri. Mtafiti wa leo anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka akitafuta babu yake anasoma maandishi ya watu waliokuwa na sababu nyingine kabisa ya kumwandika.

Ukitaka kuona tatizo hilo kama maandishi, nenda Kenyatta Avenue ukasome sanamu ya wale wanaume watatu wa shaba. Iliwekwa miaka ya 1920, na maneno yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mwandishi wake ni Rudyard Kipling. Maneno hayo yanawasifu wapagazi kama mikono na miguu ya jeshi, na yanaahidi kwamba mtu akifa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Isome kama mhakiki. Ni ahadi ya kukumbuka majina iliyochongwa kwenye jiwe lisilo na jina hata moja. Kazi ya kukumbuka imesukumiwa watoto, na nafasi ya kuandika jina imeachwa wazi. Mnamo Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao, au hawakuwekewa kabisa. Ilichukua miaka mia moja kusema kitu ambacho mtu yeyote wa Kariokor angekisoma kwenye kibao cha matatu.

Gurnah: faili inajibu

Afterlives ni riwaya ya pwani, upande wa Wajerumani wa vita hivyo hivyo. Ilyas anaibwa na askari akiwa mtoto, analelewa na Wajerumani na kusomeshwa kwenye misheni, kisha anarudi na kumkuta dada yake mdogo, Afiya, ambaye hakumjua. Wanapata muda mfupi pamoja. Vita vinaanza na Ilyas, ambaye anawapenda Wajerumani kuliko inavyostahili, anajiunga na jeshi lao. Harudi. Sehemu kubwa ya kitabu inabaki na waliobaki: Afiya, karani Khalifa, na Hamza, aliyekuwa askari naye, ambaye alirudi akichechemea.

Hapa Gurnah anafanya kitu kizuri sana ambacho wahakiki wengi wamekipita haraka. Afiya na Hamza wanapata mtoto, wanamwita Ilyas. Hakuna hotuba inayotolewa kuhusu jambo hilo. Jina la aliyepotea linarudi mezani, linaitwa kula, linakemewa, linatumwa dukani. Baadaye mtoto huyo anaanza kushikwa na sauti, mganga anaitwa, na inajulikana kwamba kinachomsumbua kinahusu mjomba ambaye hakuna anayejua aliko. Yule mtu ambaye hana kaburi amekuja kukaa ndani ya jina lake.

Sisi tunaijua hiyo teknolojia. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama, na hivyo hivyo mabinti kwa nyanya zao. Kwa Waluo, marehemu anaweza kuja ndotoni kudai mtoto aitwe jina lake. Kuna mtoto Umoja saa hii anapigiwa kelele azime runinga, na jina analoitwa ni la mpagazi ambaye karani hakumwandika. Kwa hivyo Kipling alibahatisha: watoto walilikumbuka jina kweli, ila hawakuhitaji jiwe lake.

Halafu inakuja sehemu ya mwisho. Kijana Ilyas anakuwa mtangazaji, na miaka ya 1960 anapata nafasi ya kusoma Ujerumani. Huko anaingia kwenye nyaraka. Kwa kurasa chache tu, fumbo la miaka arubaini linafunguka. Mjomba alifika Ujerumani, akawa mwimbaji, akaandamana na waliotaka makoloni yarudishwe, akaomba medali ya vita, na akafia kwenye kambi ya Sachsenhausen.

Wasomaji wengi walilalamika kwamba mwisho huo umekimbizwa. Mimi naona ukavu wake ni wa makusudi. Hivyo ndivyo faili inavyoongea. Faili haina subira ya kukuandaa. Inakupa tarehe na muhuri, unabaki umesimama pale na kikombe cha chai. Tena Gurnah hakutunga kutoka hewani. Kuna mtu wa kweli nyuma ya Ilyas: Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari mtoto wa Wajerumani katika vita hivyo, akaenda Berlin 1929 kudai mshahara wa jeshi ambao haukulipwa. Hakulipwa. Alibaki Berlin, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza sehemu ndogo ndogo kwenye filamu. Alikamatwa 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, na akafia Sachsenhausen mwezi wa Novemba 1944. Leo kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya waendao kwa miguu mjini Berlin.

Unaona deni linavyofanya kazi? Husen anajulikana kwa sababu alidai. Alibisha mlango wa ofisi mara nyingi mpaka ofisi ikalazimika kufungua faili, na faili ile ile ndiyo iliyomsindikiza kambini. Mpagazi wa Kenya ambaye mshahara wake ulipotea hakuwa na Berlin ya kwenda kudai.

Lalamiko langu kwa Gurnah liko mahali pengine. Kitabu kimetufundisha kwa kurasa mia mbili na zaidi kwamba kuna njia mbili za kumtafuta mtu, jina na faili. Mwishoni kinaipa faili neno la mwisho. Afiya, ambaye alimngoja kaka yake maisha yake yote, hapati ukurasa wa kupokea habari kwa uzito ule ule ambao nyaraka zimepewa. Ningependa kumsikia, hata kama angesema neno moja tu. Riwaya ina ruhusa ambayo hifadhi ya nyaraka haina: inaweza kuingia chumba cha anayengoja. Gurnah alikuwa na ufunguo wa chumba hicho tangu sura za mwanzo, na pale mwisho hakuutumia.

Owuor: nani anatafutiwa mifupa

Dust inaanza karibu na nyumbani. Odidi Oganda anakimbia katika mitaa ya Nairobi, Desemba 2007, na anapigwa risasi. Dada yake Ajany amerudi kutoka Brazil. Pamoja na baba yao, Nyipir, wanaubeba mwili mpaka kaskazini, kwenye nyumba inayoitwa Wuoth Ogik, maneno ya Kijaluo yanayomaanisha safari inaishia hapo. Nyumba hiyo iko katika eneo ambalo ukoloni uliliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi iliyofungwa, ambako mtu alihitaji kibali kuingia na kutoka, na ambako baada ya uhuru serikali mpya ilipigana vita vya Shifta kuanzia 1963 mpaka 1967. Kama una jirani Eastleigh mwenye asili ya Garissa, Wajir au Moyale, muulize wazee wake walipoteza nani miaka hiyo. Atakuambia "alienda" kwa lugha yake.

Kwenye nyumba hii anafika Mwingereza, Isaiah Bolton. Anamtafuta baba yake, Hugh, aliyeijenga nyumba na kutoweka. Isaiah anakuja na kitu mkononi, ushahidi aliotumiwa, na anakuja na imani ya mtu ambaye maisha yake yote ofisi zimekuwa zikimjibu: nikiuliza vya kutosha nitaambiwa. Siri ya Hugh haikufichwa na jangwa. Imefichwa na wenye nyumba wenyewe, na karibu kitabu kizima ni kazi ya kuwalazimisha wafungue mdomo.

Lakini ukisoma kwa sikio la Eastlands, kuna utafutaji mwingine unaoendelea chini chini. Nyipir alipokuwa mtoto, baba yake na kaka yake walienda vitani Burma na hawakurudi. Maisha yake yote ana ndoto ya kwenda kuwafuata huko. Weka pesa, tumia pesa, weka tena. Burma inakaa kwenye kitabu kama jino bovu: haiongelewi sana, ila ulimi unarudi pale.

Sasa linganisha. Mwana wa Mzungu anapanda ndege, anafika mahali baba yake alipopotelea, anakaa, anadai, anaambiwa. Mwana wa askari wa KAR anazeeka akiweka nauli. Wote wawili wanatafuta baba. Wote wawili wamepotezewa na dola ile ile. Tofauti yao ni pasipoti, na ni nani ana haki ya kuingia nyumba ya mwenzake na kuuliza maswali.

Je, Owuor ameona alichofanya? Naamini ameona, kwa sababu amemfanya Nyipir kuwa mtumishi wa Hugh wakati fulani: mtu anayejua kilichompata baba wa mwenzake huku hajui kilichompata wake. Hiyo ni hali ya nchi nzima. Wazee wetu walizika siri za watu wengine, walikula kiapo cha kunyamaza baada ya Tom Mboya kuuawa Julai 1969, walibeba mambo ya serikali mpaka migongo ikapinda, na hakuna mtu aliyewabebea ya kwao. Owuor anakichukulia kimya kama lugha tunayofundishwa Wakenya wote, na katika hilo hakuna mwandishi wetu aliyemzidi.

Hata hivyo nina ugomvi na kitabu hiki pia. Kina nathari nzito, sentensi fupi fupi zinazodondoka kama matone, na kuna wakati uzuri wake unakuwa pazia. Pale ambapo ningetaka kujua kitu cha kawaida tu, kama Nyipir alipokea barua kutoka jeshini au hakupokea, kama kuna afisa aliyekuja kijijini, kama mama yake alipewa chochote, nathari inaniinulia mkono na kuniimbia. Kwa Isaiah kitabu kinakuwa cha kipelelezi chenye dalili na vitu vya kushika. Kwa Burma kinakuwa wimbo. Ningefurahi kama kingegawa sawa: ampe Isaiah wimbo kidogo zaidi, na Nyipir karatasi kidogo zaidi. Maana huzuni ya Mwafrika ikibaki wimbo tu, inakuwa rahisi mno kuisikiliza bila kulipa.

Waliopotea bila kutoka Nairobi

Mpaka hapa tumewatafuta watu waliopotelea mbali: porini Afrika Mashariki ya Kijerumani, Berlin, Burma. Eastlands inajua pia mtu anavyoweza kupotea bila kuvuka mto.

Asubuhi ya Aprili 24, 1954, karibu askari 25,000 waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Mtaa kwa mtaa, chumba kwa chumba, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, gakunia, ambao kutikisa kichwa tu kulitosha. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa na kusambazwa kwenye kambi kama Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Wengi walirudi baada ya miaka. Wengine hawakurudi, na jirani aliyeona lori likiondoka ndiye faili pekee iliyokuwepo.

Macgoye anaanza Coming to Birth miaka miwili baadaye. Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka treni 1956 kumfuata mumewe Martin. Siku chache tu baadaye mimba inaharibika, na akitoka hospitali anapotea. Hajui barabara, hajui nyumba inaitwaje, Hali ya Hatari haijaisha, na mji umejaa watu wanaouliza kipande. Anazunguka mpaka polisi wanamchukua kwa usiku huo. Ni kurasa chache, bila tamthilia yoyote, lakini Macgoye ameonyesha ukubwa wa hatari kwa kipimo cha mtu mmoja. Kama Paulina asingefika nyumbani siku iliyofuata, ni nani angejua pa kuanzia kumtafuta? Mume angeenda kituo gani? Angesema jina lipi, la ubatizo au la nyumbani?

Hapa ndipo napenda unyenyekevu wa Macgoye kuliko ustadi wa wale wawili wengine. Anajua kwamba kupotea huanza na kitu kidogo: jina la mtaa ambalo hukuliuliza. Anaandika majina ya mahali, siku za mshahara, bei, njia. Kitabu chake kina vitu ambavyo mtafuta ndugu angehitaji.

Tunadai nini kwa riwaya

Kuna watu watasema riwaya si ofisi ya kutafuta waliopotea. Sawa. Lakini waandishi hawa wenyewe wamechagua kazi hiyo, na sisi wasomaji wa huku tuna maslahi. Kizazi chetu ndicho cha mwisho chenye shosho anayeweza kusema aliyeenda alikuwa mrefu au mfupi. Vijana wengi siku hizi wanatafuta: wanaingia hifadhi, wanapima DNA, wanarekodi wazee kwa simu sebuleni Buruburu huku runinga ikipiga kelele nyuma. Wanaporudi mikono mitupu, wanarudia riwaya. Ndiyo maana jinsi riwaya inavyomaliza stori ni jambo zito. Ikituambia kwamba mwisho wa utafutaji ni faili, inawaambia wazao wa wapagazi kwamba wao hawana mwisho, maana faili yao haikufunguliwa. Ikituambia kwamba huzuni ni wimbo tu, inamwachilia mdaiwa aende zake.

Ninachotaka ni riwaya inayobeba vyote viwili, jina na deni. Inayojua kwamba mpagazi aliitwa kwa jina la babu yake, na kwamba alidai shilingi kadhaa kwa mwezi. Inayoweza kukaa na mama anayengoja, na pia kumsimamisha karani na kumuuliza aliandika nini na kwa nini hakuandika zaidi. Gurnah ana karani mzuri, Khalifa, na mtoto mwenye jina. Owuor ana kimya kilichosomwa vizuri kuliko kitabu chochote. Macgoye ana barabara na bei. Vipande viko, havijakutana kitabu kimoja, na sioni kwa nini kitabu hicho kisiandikwe na mtu aliyekulia Makadara, kwa Kiswahili ambacho wapagazi wenyewe walikitumia kambini kuelewana, Mkamba na Mluo na Mgiriama.

Wakati tunakingoja, kuna kazi ambayo haihitaji mchapishaji. Uliza jina lako lilitoka kwa nani. Usiulize maana yake, hiyo intaneti itakuambia. Uliza mwenyewe alikuwa nani, alirithi kwa nani, na kama kuna mahali kwenye mnyororo huo ambapo mtu "alienda tu." Ukifika hapo, andika ulichoambiwa: alikuwa rika gani la tohara, alikuwa ameoa au la, ni njaa ipi ilikuwa imepita, chifu alikuwa nani, alibeba nini siku alipoondoka. Andika na jina la aliyekuambia. Karani wa 1917 hakuwa na muda wa maswali hayo.